Kirusi Kikibadilika, Chanjo Ibadilike Lini?

Mzee mmoja wa Kisauni, Mombasa, alikuja kwenye chumba cha chanjo za wasafiri, kinachopakana na maabara yetu, akijiandaa kwenda Hija. Mkononi alikuwa na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, kuukuu, ya tangu enzi zake za ubaharia. Muuguzi aliitazama akamwambia haina neno, inamtosha maisha yake yote. Kisha akamshauri achanjwe pia homa ya mafua. "Hiyo nilichomwa mwaka juzi," mzee akasema. Muuguzi akamjibu kwamba ya mwaka juzi imeshapitwa na wakati. Mzee akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na sanduku la sampuli. "Mwanangu, hebu nieleze. Chanjo moja yanifikisha kaburini, nyingine haimalizi hata miaka miwili. Ni biashara ama ni nini?"

Swali lake ni la haki, na nimelisikia kwa sura nyingi kutoka kwa akina mama, madereva wa masafa marefu, hata wauguzi ninaofanya kazi nao. Siku ile nilimjibu kwa ufupi kwa sababu gari la sampuli lilikuwa linangoja. Hapa nina nafasi.

Tuanze na ile kadi. Chanjo ya homa ya manjano aliyochomwa mzee ilitengenezwa New York na Max Theiler na wenzake mwaka 1937, kutokana na kirusi kilichopatikana mwaka 1927 katika damu ya Mghana aliyeitwa Asibi. Kirusi hicho, kilichodhoofishwa maabara, ndicho mama wa chanjo inayochomwa hadi leo. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua dozi moja kuwa kinga ya maisha, hata kwa kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Surua nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1954 John Enders na Thomas Peebles walikipata kirusi cha surua kwa mvulana wa shule wa Boston, David Edmonston, na chanjo nyingi za surua duniani leo ni uzao wa kirusi hicho kimoja. Surua inayozunguka sasa ina vinasaba tofauti na vya 1954, lakini chanjo bado inaizuia. Sababu ni kwamba sehemu za kirusi ambazo kingamwili zetu huzikamata ndizo hizo kirusi huzitegemea kuingia kwenye seli. Kikizibadilisha, kinashindwa kuingia.

Kirusi cha homa ya mafua hakina kikwazo hicho. Juu ya ganda lake imejaa protini iitwayo hemaglutinini, na ncha ya protini hiyo, hasa pale kingamwili zinapokamata, inaweza kubadilika kidogo kidogo bila kirusi kudhurika. Kila kinapojinakili hufanya makosa, na hakina namna ya kuyasahihisha. Makosa mengi hukiangamiza chenyewe. Machache hukifaidi, kwa kuwa mwili uliopigana nacho mwaka jana haukitambui vizuri kikirudi mwaka huu.

Jambo hili lilijulikana kwa uchungu. Marekani iliidhinisha chanjo ya homa ya mafua kwa raia wake mwaka 1945, na mojawapo ya virusi vilivyokuwa ndani yake kilikuwa kimepatikana Puerto Rico mwaka 1934. Mwaka 1947 mafua yalipozuka, waliochanjwa waliugua karibu sawa na wasiochanjwa. Chanjo haikuwa imeharibika. Kirusi kilikuwa kimesogea. Mwaka uliofuata kituo cha kimataifa cha mafua kilifunguliwa London, na mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaanzisha mtandao wa maabara za kukifuatilia kirusi hiki popote kilipo. Leo mtandao huo una maabara zaidi ya 140, zikiwemo za Kenya, Tanzania na ile ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda pale Entebbe.

Kazi yangu iko mwanzoni kabisa mwa mnyororo huo. Mtoto akilazwa ana homa, kikohozi na kupumua kwa shida, namwomba mama ruhusa, naingiza kijiti chenye nyuzi laini puani hadi nyuma, nakizungusha, kisha nakikata na kukitia ndani ya kichupa chenye maji ya rangi ya waridi. Mtoto hulia. Mama hunitazama kwa jicho la kunilaumu. Najaza fomu: umri, siku alipoanza kuumwa, kama aliwahi kuchanjwa. Kichupa kinaingia kwenye sanduku la baridi, kinaelekea Nairobi. Akina mama huniuliza, "Makamasi ya mwanangu mnayapeleka wapi?" Nawaambia ukweli: yatapimwa Nairobi, na yakionekana kuwa na kirusi chenye umuhimu, sehemu yake itasafirishwa hadi mojawapo ya vituo vikubwa vinavyoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, ambavyo viko Atlanta, London, Melbourne, Tokyo na Beijing. Huko ndiko chanjo ya mwaka ujao inakojadiliwa.

Wengi hudhani wataalamu wanasoma vinasaba vya kirusi, wakiona vimebadilika wanaagiza chanjo mpya. Ingekuwa hivyo tungebadilisha chanjo kila wiki, maana vinasaba hubadilika kila siku. Kinachotafutwa ni kama mabadiliko hayo yanazipotosha kingamwili, na njia ya kulijua hilo ni ya zamani na ya kustaajabisha. Huchukuliwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ambaye hajawahi kuugua mafua. Fereti ndiye aliyewawezesha watafiti wa London mwaka 1933 kukinasa kirusi cha mafua ya binadamu kwa mara ya kwanza, kwa sababu huugua mafua karibu kama sisi: hupiga chafya na kutoka makamasi. Fereti huambukizwa kirusi cha chanjo ya sasa, hupewa muda wa kutengeneza kingamwili, kisha maji ya damu yake huchukuliwa. Maji hayo yanakijua kirusi kimoja tu.

Hapo huja kipimo kilichotokana na ugunduzi wa Mmarekani George Hirst mwaka 1941. Kirusi cha mafua kikichanganywa na seli nyekundu za damu huzigandamanisha, zikatanda ndani ya kisima kidogo cha sahani ya maabara. Kingamwili zikikizuia kirusi, seli huzama chini na kufanya kitone chekundu. Basi mtaalamu huyazimua maji ya damu ya fereti nusu kwa nusu, tena na tena, akitazama kitone kinapotea wapi. Tuseme kingamwili zinakizuia kirusi cha chanjo hata zikizimuliwa mara 1,280. Kirusi kipya kilichotoka Mombasa au Hong Kong kikizuiwa mpaka mara 640 pekee, hilo ni jambo dogo. Kikiacha kuzuiwa baada ya mara 160, pengo ni mara nane, na hapo watu huanza kuketi wima vitini.

Mwaka 2004 Derek Smith wa Cambridge na wenzake walichukua vipimo vya namna hii vya miaka 35, tangu mafua ya Hong Kong ya 1968, wakavichora kama ramani. Ilionekana kwamba vinasaba vya kirusi husogea polepole bila kupumzika, ilhali sura yake mbele ya kingamwili hukaa mahali pamoja miaka kadhaa, kisha huruka ghafla. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba mruko mkubwa unaweza kusababishwa na badiliko moja tu katika protini yenye viungo zaidi ya 500, mradi badiliko hilo litokee pembezoni mwa pale kirusi kinapoishikilia seli. Ninalipenda somo hili kwa sababu linaeleza ugumu wote wa uamuzi. Mabadiliko mia yanaweza kupita bila madhara, na moja likageuza kila kitu.

Wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka. Februari huamua chanjo ya kizio cha kaskazini, ambako baridi huanza Novemba. Septemba huamua ya kizio cha kusini. Mezani huwa na matokeo ya fereti, vinasaba, ramani za wapi kirusi kipi kinaenea, na pia damu ya watu waliochanjwa msimu uliopita, ili kuona kama kingamwili za binadamu halisi, ambaye ameugua mafua mara kadhaa maishani, zinasema sawa na za fereti. Mara nyingine hazikubaliani.

Kwa nini waamue Februari kwa ugonjwa wa Novemba? Kwa sababu chanjo nyingi bado hukuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kirusi kilichochaguliwa huchanganywa kwanza na kile cha Puerto Rico cha 1934, ambacho hadi leo kinathaminiwa kwa kustawi vizuri katika yai. Kisha mamilioni ya mayai yenye viinitete huchomwa moja moja, virusi huvunwa, husafishwa, huuawa, hupimwa na kutiwa chupani. Kazi hiyo huchukua takribani miezi sita. Fundi anayempima mtoto mwezi wa nane kwa sare atakayoivaa Januari anajua mtoto hatangoja kukua, na wataalamu hawa wako katika hali hiyo hiyo, isipokuwa fundi anaweza kuacha upindo.

Mwaka 2003 ndio unaonihuzunisha kuliko yote katika historia hii, maana safari hiyo hawakukosa kuona. Kirusi kipya cha H3N2, mojawapo ya aina za mafua zinazotiwa katika chanjo, kilichopewa jina la mkoa wa Fujian nchini China, kilikuwa kimeonekana, na vipimo vilionyesha kimeachana na chanjo. Februari wataalamu waliahirisha uamuzi kuhusu aina hiyo hadi Machi ili kupata muda. Tatizo lilikuwa yai. Kirusi cha Fujian kilikuwa kikipatikana katika seli za maabara, lakini hakikupatikana kwa wakati kile kilichokuzwa kwenye mayai tangu mwanzo, na masharti ya kutengeneza chanjo yalidai hivyo. Machi ikafika, wakabaki na kirusi cha zamani. Msimu wa baridi ulipoanza, Fujian kilitawala, na Marekani peke yake ilihesabu watoto 153 waliokufa kwa mafua msimu huo. Tangu nilipokisoma kisa hiki nimekuwa nikiamini kwamba swali la "lini" haliwezi kutenganishwa na swali la "kiwandani kuna nini". Uamuzi sahihi usio na kirusi cha kukuzwa ni maneno matupu.

Mwaka 2014 ulikuwa kinyume chake. Februari walichagua H3N2 iliyofanana na kirusi cha Texas cha 2012, na kwa yaliyokuwa mezani siku ile hawakukosea. Kikundi kipya kilianza kuonekana baada ya mkutano, kwanza kwa uchache, na kufikia Septemba kilikuwa kimeenea. Chanjo ya kizio cha kusini ilibadilishwa papo hapo. Ya kaskazini ilikuwa imeshatiwa chupani. Msimu huo chanjo ilipunguza hatari ya kuugua hadi kumpeleka mtu kwa daktari kwa asilimia 19 tu nchini Marekani, wakati miaka mizuri hufikia 40 hadi 60. Magazeti yaliandika kwamba wataalamu walibahatisha vibaya. Mimi siwalaumu. Ninachokilaumu ni ile miezi sita.

Ndiyo sababu mwaka 2019 waliposita tena kuhusu H3N2, waliahirisha hadi Machi 21 kabla ya kukichagua kirusi cha Kansas. Mwezi mmoja wa kungoja unaonekana mdogo, lakini kiwandani ni mwezi wa mayai yaliyokwisha kuagizwa, na huku kwetu ni mwezi ambao chanjo inaweza kuchelewa kufika. Kubadilisha haraka nako kuna gharama. Kirusi kipya kinaweza kustawi vibaya na dozi zikapungua, na yai lenyewe linaweza kukibadilisha kirusi kikiwa ndani yake, kikatoka si kile kilichochaguliwa. Anayedhani usalama ni kubadilisha kila mara hajauona upande huu.

UVIKO umeongeza ukurasa mwingine. Chanjo za kwanza zilitengenezwa kwa sura ya kirusi cha Wuhan cha mwanzoni mwa 2020. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliitangazia dunia Omikroni, na ilionekana upesi kwamba kingamwili za chanjo ya awali zinaipiga kwa udhaifu mkubwa, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali ilibaki nzuri. Chanjo zilizosasishwa zilianza kutolewa nchi tajiri katika nusu ya pili ya 2022, zikiwa na kirusi cha zamani na kipya pamoja. Mei 2023 kamati ya Shirika la Afya Duniani ilishauri cha zamani kiachwe kabisa, na Aprili 2024 ikashauri kuhamia uzao wa Omikroni uitwao JN.1. Teknolojia ya mRNA, inayotumika katika nyingi ya chanjo hizi, haihitaji yai, hivyo muda umepungua hadi miezi michache. Hata hivyo mtu bado lazima aseme "sasa", na UVIKO haujatulia katika msimu kama mafua ya Ulaya. Kasi ya kiwanda imepunguza adhabu ya kukosea. Uzito wa kuamua uko pale pale.

Kuna pia uamuzi wa kuondoa. Kwa miaka mingi chanjo zilikuwa na kirusi cha aina B kiitwacho Yamagata. Tangu Machi 2020, dunia ilipojifungia ndani kwa UVIKO, hakijathibitishwa tena popote. Septemba 2023 wataalamu walisema kisiwekwe tena, na chanjo zikaanza kurudi kwenye virusi vitatu badala ya vinne. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kulisema hilo, na naona ilikuwa busara: kutokiona kirusi katika sampuli za nchi chache si sawa na kujua kimetoweka. Ni sampuli za kutoka kila pembe zilizowapa ujasiri.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji wa Afrika Mashariki atulie kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka homa ya mafua huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kwa matatizo ya kupumua, na wengi wa watoto wadogo wanaokufa wako katika nchi zinazoendelea. Kwetu mafua hayana majira ya theluji ya kuyatangaza. Huzunguka karibu mwaka mzima, yakipanda na kushuka. Ikweta inaikata Kenya katikati, kwa hiyo tuko katika vizio vyote viwili, na nchi za joto kama yetu huambiwa zitazame takwimu zao zenyewe kuamua zitumie chanjo ya kaskazini au ya kusini. Takwimu hizo hazishuki kutoka mbinguni. Ni vile vichupa vya maji ya waridi.

Na tusijidanganye kwamba kulinganisha chanjo na kirusi kunatosha. Kati ya Julai na Agosti 2002 mafua yaliua mamia ya watu katika nyanda za juu za Madagaska, hasa mkoa wa Fianarantsoa, wakiwemo watoto. Maabara zilipokipima kirusi, kilikuwa kinafanana na kile cha Panama kilichokuwa tayari ndani ya chanjo ya msimu ule. Wataalamu walikuwa wamechagua sawasawa. Vijiji vile havikuwa na chanjo wala dawa, na watu wake walikuwa dhaifu kwa lishe duni na wako mbali na zahanati. Nikisikia mijadala mirefu kuhusu pengo la mara nne au mara nane, nawakumbuka wao.

Kwa mzee wa Kisauni jibu langu lilikuwa hili: homa ya manjano haijaweza kuikimbia chanjo yake, mafua hukimbia kila mwaka, na kinga ya chanjo ya mafua yenyewe hupungua mwilini baada ya miezi kadhaa hata kirusi kisipobadilika. Kwa hiyo mwenye umri kama wake, mjamzito, mtoto mdogo, mwenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na anayekwenda kusongamana na mamilioni ya watu Makka, anahitaji ya mwaka huu. Alikubali, akachomwa.

Nawe msomaji, ukienda kuchanjwa mafua, omba uonyeshwe kisanduku. Msimu umeandikwa hapo, na virusi vimetajwa kwa majina ya mahali vilikotoka. Ukiambiwa ni ya msimu uliopita, uliza mpya inafika lini. Na siku mhudumu wa maabara atakapoomba kumpima mwanao puani, mruhusu, hata kama mtoto atalia. Mkutano wa Septemba huamua kwa sampuli zilizofika mezani, na nchi isiyopeleka huletewa chanjo iliyochaguliwa kwa virusi vya wengine.